Kitenzi na mkia wake: namna ya kutumia vitenzi vya Kiingereza vya maneno mawili

Mwombaji wa kazi akipokea ujumbe kwamba usaili umekuwa “put off”, bado ana sababu ya kupiga pasi shati lake, kwa kuwa usaili umeahirishwa tu. Akiambiwa umekuwa “called off”, shati na likae kabatini, kwani usaili umefutwa. Kwa maana yake ya kawaida “put” ni kuweka, “call” ni kuita, na “off” kila mmoja wetu ameiona kwenye swichi, lakini hakuna hata moja kati ya maana hizo inayomfikisha msomaji kwenye kuahirisha au kufuta. Waingereza huviita vitenzi hivi “phrasal verbs”, na wanajua vinavyosumbua: Samuel Johnson, katika dibaji ya kamusi yake ya mwaka 1755, aliandika kwamba muungano huu wa maneno ndio unaowapa wageni ugumu mkubwa kuliko yote. Hapa nitaliita neno linalofuata kitenzi, liwe kielezi au kihusishi, mkia.

Kabla ya kukariri chochote, kumbuka kwamba Kiswahili nacho hubadilisha maana ya kitenzi kwa kugusa mwisho wake. Funga huwa fungua, chomeka huwa chomoa, na mtu aliyepita dukani hakufanya kazi sawa na aliyepitia hesabu za duka. Kiingereza hufanya kazi hiyo nje ya neno: “put on” ni kuvaa, “take off” ni kuvua, “go through” ni kupitia. Hata pale maana inapotoroka kabisa, sisi si wageni, kwa sababu anayekata tamaa hashiki kisu na anayepiga simu haiumizi. Kwa hiyo usitafsiri kitenzi kwanza kisha mkia. Tafuta kitenzi kimoja cha Kiswahili kinachobeba vyote viwili. “Look for” ni kutafuta, “look after” ni kutunza, “look into” ni kuchunguza, na “look down on” ni kudharau, ingawa zote zinaanza na kuangalia.

Ukikutana na mkia usioujua, hatua ya kwanza ni kuamua kama ni wa kitenzi au ni wa nomino inayofuata. Linganisha “He turned off the road” na “He turned off the radio”. Katika sentensi ya kwanza dereva alikata kona akaiacha barabara, na “off” inaonyesha tu uhusiano wake na barabara hiyo. Katika ya pili mtu alizima redio, na “turn off” ni kitu kimoja. Jaribio lake ni rahisi: weka kiwakilishi “it” mahali pa nomino. Redio itakubali “He turned it off”, lakini barabara itakataa, kwa sababu hakuna anayezima barabara.

Jaribio hilo linatupeleka kwenye kanuni ninayoiona kuwa muhimu kuliko nyingine zote. Kwa vitenzi kama “turn off”, “put off”, “pick up”, “fill in” na “turn down”, nomino inaweza kukaa baada ya mkia au kabla yake: “turn off the radio” na “turn the radio off” zote ni sahihi. Kiwakilishi, kwa upande wake, lazima kiingie katikati: “turn it off”, kamwe si “turn off it”. Wanafunzi wengi huona kanuni hii kama ukaidi wa Waingereza, ilhali wao wenyewe huifuata mfano wake kila siku bila kufundishwa. Tunasema “nitazima redio”, na nomino inabaki nje. Tukiacha kuitaja tunasema “nitaizima”, na kile kiambishi “i” kinapenya ndani ya kitenzi. Asiyethubutu kusema “nitazima i” asiseme “turn off it”. Nomino ikiwa ndefu, yenye maelezo yake nyuma, iache baada ya mkia, kwa maana msikilizaji akingoja “off” mpaka mwisho wa maelezo marefu atakuwa amesahau kitenzi kilikuwa kipi.

Kundi la pili halikubali kuachanishwa. “Look after”, “look for”, “look into”, “deal with” na “come across” hubaki pamoja hata kitu kinachotendewa kikiwa kiwakilishi: “look after him”, si “look him after”. Ili kujua kitenzi ni cha kundi gani, tega sikio, kwani mara nyingi mkazo hukueleza. Mzungumzaji akisema “turn it off”, sauti yake huangukia “off”. Akisema “look for it”, sauti huangukia “look”, na “for” hupita haraka kama haikuwepo. Asiye na mtu wa kumsikiliza afungue kamusi ya wanafunzi aone neno “something” limewekwa wapi, katikati au mwisho.

Vipo pia vyenye mikia miwili, na hivi kwa kawaida havitenganishwi: “run out of” ni kuishiwa, “put up with” ni kuvumilia. Kinachoharibu barua nyingi ni “look forward to”. Kwa miaka mingi nilifunga barua zangu kwa “I look forward to meet you”, nikidhani “to” hiyo ni ile ya “I want to meet you”, mpaka mhariri mmoja alipoizungushia duara jekundu. “To” hiyo ni kihusishi. Ukitaka kuithibitisha, weka nomino baada yake: “I look forward to Friday” inakubalika, lakini “I want to Friday” haina maana. Pale panapokaa nomino kwa namna hiyo, kitenzi kinachofuata huchukua umbo la “-ing”: “I look forward to meeting you”.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna mazoea yetu ambayo ni vyema kuyajua. Tunakata mkia unapohitajika, tukisema “pick me at the bus stop” badala ya “pick me up”. Tunaupachika usipotakiwa, kama katika “discuss about” na “cope up with”, ambapo “discuss” haihitaji kitu na “cope” inataka “with” pekee. Na wengine huufanya mkia wenyewe kuwa kitenzi, wakisema “off the light”. Baina yetu maneno haya yanaeleweka, nami sioni haja ya kumsahihisha jirani anayetaka taa izimwe. Katika mtihani, au katika mkataba utakaosomwa London, yarekebishe.

Kuhusu maana za mikia, usizitegemee mno. Ni kweli kwamba “up” mara nyingi huonyesha ukamilifu, kama “eat up”, kula mpaka kumaliza, na “use up”, kutumia mpaka kuisha. Lakini “turn up” ni kutokea mahali, na hapo ukamilifu hausaidii. Mara nyingine mikia miwili inayopingana hukutana: fomu ileile inayosemwa “fill in” huko Uingereza, Marekani huwa “fill out”.

Katika maandishi rasmi, vitenzi vyenye asili ya Kilatini na Kifaransa kama “postpone”, “investigate” na “tolerate” huchukua nafasi ya “put off”, “look into” na “put up with”. Mezani na marafiki, vitenzi hivyohivyo vya Kilatini na Kifaransa humfanya mtu asikike kama anasoma taarifa ya kamati.

Limebaki jambo la tahajia. Kitenzi “log in” huandikwa kwa maneno mawili, na nomino “login” kwa neno moja. Gari “breaks down”, mkazo ukiwa kwenye “down”, lakini kuharibika kwenyewe ni “breakdown”, mkazo ukirudi mwanzoni. Katika daftari lako, basi, usiandike “break down” peke yake na maana yake pembeni. Andika sentensi nzima uliyoisikia, na kama kitenzi kina kitu cha kutendewa, weka kiwakilishi ndani yake: “They called it off”. Ukiisoma kwa sauti, sikia kama umelikazia neno la mwisho.