Jinsi ya kuomba stashahada ya mazingira na rasilimali za pwani bila kupitwa na awamu

Mwongozo huu unamhusu mwombaji anayetaka kusomea mazingira ya bahari na usimamizi wa rasilimali za pwani katika ngazi ya stashahada, na nimeuandika nikiwa nimetoka tu kumsimamia mdogo wangu katika maombi hayo. Chuo ninachokizungumzia ni cha Wakala ya Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, yaani FETA, kampasi ya Mbegani iliyoko Bagamoyo. Kujaza majina na kupakia picha hakuhitaji maelezo. Nitakaa zaidi kwenye mambo yanayomkosesha mtu nafasi ilhali sifa anazo.

Kwanza, ijue ngazi unayoiomba. Stashahada ni ngazi ya 6 katika mfumo wa NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi, na aliyemaliza kidato cha nne haanzii hapo, bali huanzia ngazi ya 4, akapanda ya 5 na kuhitimu ya 6, mwaka mmoja kwa kila ngazi. Sharti la chini la kuingia ngazi ya 4 ni ufaulu wa angalau D katika masomo manne yasiyo ya dini, na juu ya hapo kila kozi ina masomo inayoyadai, ambayo ni lazima uyasome katika mwongozo wa udahili wa mwaka husika kabla ya kulipa chochote. Aliyemaliza kidato cha sita akiwa na prinsipali moja (ufaulu wa A hadi E) na sabsidiari moja (alama ya S) katika masomo yanayohusika anaweza kuanzia ngazi ya 5, na akijiandikisha chini ya hapo atakuwa ametoa mwaka mzima na ada yake bure.

Namba ya mtihani ijazwe kama ilivyo kwenye matokeo ya NECTA, pamoja na mwaka. Waliorudia mtihani wakiwa watahiniwa wa kujitegemea wana namba inayoanza na P, na kama sifa zao zimetokana na mitihani miwili, basi namba zote mbili zinahitajika, ile ya shuleni inayoanza na S na ile ya P, la sivyo mfumo utasoma nusu ya matokeo na kumwona mwombaji hana sifa.

Hatua iliyotugharimu sisi ni ya namba ya simu. Mdogo wangu alijaziwa fomu steshenari, na mhudumu, kwa kuwa alikuwa na foleni ya watu na alitaka kupokea haraka ujumbe wa kuthibitisha akaunti, aliweka namba ya simu na barua pepe ya duka. Fomu ilikamilika na risiti ikatolewa, tukarudi nyumbani tukisubiri majibu. Majibu yalikuja kwa wakati, ila yaliingia kwenye simu ya duka, katikati ya ujumbe wa waombaji wengine wengi, na hakuna aliyetupigia. Tulipofuatilia, muda wa kuthibitisha nafasi ulikuwa umepita, ikatulazimu kusubiri awamu iliyofuata na kulipia upya. Nasisitiza hili kwa uchungu kwa sababu vijana wengi wa vijijini hawana njia nyingine isipokuwa steshenari. Nenda, lakini keti kando ya mhudumu, simu yako ikiwa mkononi na ina chaji, soma namba iliyoandikwa kwenye kioo kabla hajabonyeza kutuma, na nywila uiandike wewe kwenye daftari lako.

Malipo ya chuo cha serikali hupita kwenye namba ya kumbukumbu ya malipo (control number). Unapolipa kwa simu, jina la mpokeaji hutokea kabla ya kuweka namba ya siri, nawe ulisome. Anayekuomba utume ada kwenye namba yake binafsi ili akuharakishie, mwache.

Aliyetoka kidato cha nne mwaka huu akumbuke pia kwamba vyuo vya kati vimo kwenye machaguo ya Selform, fomu ya TAMISEMI ambayo mwanafunzi hujaza machaguo yake, pamoja na tahasusi za kidato cha tano, na dirisha la kubadili machaguo likifunguliwa baada ya matokeo, ndiyo nafasi ya kukipandisha chuo hiki juu.

Kwa wanaotarajia mkopo, Bodi ya Mikopo ilianza kuwafikia wanafunzi wa stashahada katika mwaka wa masomo 2023/2024, lakini kwa fani za kipaumbele tu, hivyo hakikisha fani yako imo katika orodha ya mwaka wako. Cheti cha kuzaliwa huhakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na kwa waliozaliwa Zanzibar na wakala wa huko wa usajili wa matukio ya kijamii. Anza uhakiki huo mapema. Jina likitofautiana na la cheti cha kidato cha nne, hata kwa herufi moja, muone wakili kwa ajili ya hati ya kiapo kabla dirisha halijafunguliwa.

Mwenye nia ya kuendelea na shahada atunze matokeo tangu muhula wa kwanza, kwa kuwa sharti la jumla la kuingia chuo kikuu kwa stashahada ni wastani (GPA) wa 3.0, na akishahitimu aombe NACTVET namba ya uthibitisho wa tuzo, AVN, ambayo vyuo vikuu huidai katika fomu zao.