Mwanao Nairobi ana deni la kadi, nawe uko ughaibuni: ona karatasi kabla ya kutuma pesa

Sisi tulio nje habari hizi hutufikia kwa mzunguko. Dada yako anapiga simu kutoka mtaa wa Umoja, Nairobi, akilalamika kuwa kuna watu wanamsumbua wakimuulizia mwanao. Au kijana mwenyewe anaomba pesa ya kodi ya nyumba kwa mwezi wa tatu mfululizo, ilhali ana kazi nzuri Upper Hill na kila Jumapili yumo kwenye picha za nyama choma. Ukimbana kidogo linatoka: kadi ya mkopo ya benki, laki tatu, pengine nne.

Mzazi anayelipwa kwa dola hupiga hesabu papo hapo. Laki tatu ni kama dola 2,300. Si pesa ndogo, lakini si za kumvunja mgongo, basi anazituma jioni ile ile ili mtoto apate usingizi. Mwaka haujaisha, deni limerudi palepale, kwa sababu hakuna aliyeuliza lilikotoka. Ndiyo maana nasisitiza jambo moja kwa kila mzazi mwenzangu anayeniuliza: isitoke hata shilingi kabla hujaona taarifa ya kila deni.

Nasema kila deni kwa sababu kadi mara nyingi ndilo deni la heshima, lile ambalo mtu mzima anaweza kulitaja mbele ya mzazi. Nyuma yake kuna Fuliza na M-Shwari, mikopo ya papo hapo ya M-Pesa, kuna programu tatu nne za mikopo ya simu, kuna sacco ya kazini na rafiki aliyemkopesha kimyakimya. Mwambie aombe ripoti yake kutoka kwa ofisi za CRB, zinazotunza rekodi za mikopo ya watu. Zilizopewa leseni na Benki Kuu ya Kenya ni Metropol, TransUnion na Creditinfo, na kila mtu ana haki ya ripoti moja bila malipo kila mwaka. Kisha atoe taarifa ya M-Pesa ya miezi sita. Hiyo haifichi kitu. Ukiona malipo kwa kampuni za kubeti kila wikendi, jueni kwamba tatizo lenu si kadi. Kulipa deni huku kubeti kunaendelea ni kumwaga maji mchangani, na hapo pesa ya kwanza kutoka iwe ya mshauri nasaha.

Namna ya kuomba karatasi hizo ina uzito wake. Kijana wa miaka 28 akiulizwa kama mtoto wa shule atakuonyesha nusu tu. Anza hivi: "Mwanangu, sijapiga kukugombeza. Nataka tuketi mimi na wewe tuzione zote, hata ile unayoiogopa zaidi." Kisha nyamaza, umwache aseme.

Sasa shikeni taarifa ya kadi yenyewe, kila mmoja na nakala yake, msome mstari kwa mstari. Tuseme anadaiwa 200,000, riba ni asilimia 3.5 kwa mwezi, na benki inamtaka alipe angalau asilimia 5. Kijana analipa 10,000 kila mwezi akijiona mwaminifu. Lakini riba ya mwezi huo ni 7,000. Deni limepungua kwa 3,000 peke yake, na akiswaipu mara moja tu pale supamaketi, amerudi alikokuwa. Wengi hawajawahi kuonyeshwa hesabu hii. Tazameni pia kama amekuwa akitoa pesa taslimu kwa kadi hiyo kwenye ATM: hizo hutozwa ada, na kwa kawaida riba yake huanza siku ile ile, bila ile nafuu ya wiki kadhaa wanayopewa wanaonunua vitu na kulipa bili yote kwa wakati.

Mkishaona hali yote, aende benki mwenyewe. Benki haitazungumza nawe bila idhini yake, na ni haki, kwani akaunti ni yake na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamlinda. Ukitaka kuwepo, aketi na ofisa wa benki akupigie simu mkiwa watatu. Jiandae tu kukesha: saa tatu asubuhi ya Nairobi ni saa sita au saa saba usiku kwa aliye Minnesota. Aombe mambo mawili kwa maandishi: deni la kadi ligeuzwe kuwa mkopo wa kawaida wenye riba nafuu na muda maalumu, na faini za kuchelewa zipunguzwe. Benki hukubali kwa urahisi zaidi kabla deni halijafika kwa wakusanya madeni. Likiwa limeshachacha, mkumbuke kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki: mkopo ukishaacha kulipwa na kuhesabiwa kuwa mbovu, riba ambayo benki inaweza kudai kuanzia hapo haiwezi kupita deni la msingi lililokuwepo siku hiyo. Kama lilikuwa 150,000, riba ikomee 150,000, ukiondoa gharama za kudai. Nimeona watu wakilipa zaidi ya hapo kwa kutojua.

Ukiamua kusaidia, usitume kwa M-Pesa yake. Fuliza hujikata yenyewe pesa zikiingia tu, na uliyodhani ni ya kadi itakuwa imeishia huko. Wala usitume kwenye akaunti yake ya mshahara iliyo benki ile ile yenye kadi bila kuuliza kwanza, maana mikataba mingi huipa benki ruhusa ya kujikatia. Lipa moja kwa moja kwa anayedai, upate risiti. Na usilipe zote. Mimi napendelea mzazi achukue sehemu, tuseme theluthi, kijana amalize kwa mshahara wake, na kadi ifungwe kwa barua, kwa sababu kuikata kwa mkasi hakuifungi.

Kuna mambo usiyakubali hata akilia. Usiwe mdhamini wa mkopo mpya wa kulipia wa zamani. Usitoe hati ya kiwanja cha Kitengela wala logibuku, yaani hati ya umiliki, ya gari. Na usifungue kundi la WhatsApp la mchango wa ukoo bila kumuuliza, kwani aibu hiyo itadumu kuliko deni.

Wale wanaompigia dada yako simu nao wana mipaka. Kanuni za Benki Kuu za 2022 kuhusu wakopeshaji wa kidijitali, yaani wale wa mikopo ya simu, zinakataza vitisho, matusi na kuwapigia watu walio kwenye orodha ya simu ya mdaiwa. Dada ahifadhi jumbe zote, kijana apeleke malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Data. Na aangalie kama mkopeshaji huyo yumo kwenye orodha ya wenye leseni inayotolewa na Benki Kuu.

Deni likiisha, aombe barua ya kuthibitisha hivyo kutoka kwa benki, na baada ya wiki chache achukue tena ripoti ya CRB aone kama imesahihishwa. Rekodi ya kushindwa kulipa hubaki miaka 5 hata baada ya kulipa, lakini lazima ionyeshe kuwa deni limekwisha. Isipoonyesha, apeleke barua ile kwa CRB na kudai marekebisho kwa maandishi, mapema, maana waajiri wengi wa serikali huitisha cheti cha CRB na tangazo la kazi halimsubiri mtu.