Kuzunguka Milima ya Alpi kwa Gari na kwa Miguu: Mwongozo kwa Watu Wawili

Mwongozo huu unafuata mzunguko mmoja: kutoka Munich, kupanda barabara ya Grossglockner nchini Austria, kushukia Lienz, kuingia milima ya Dolomiti kaskazini mwa Italia, kisha kurudi Munich kwa kupitia njia ya mlimani ya Brenner na mji wa Innsbruck. Siku kumi zinautosha bila kukimbizana. Mimi na mke wangu tunaishi Munich, na wageni wetu wanaotoka Tanzania na Kenya mara nyingi hufika na mpango wa kulala hoteli mpya kila usiku na kushinda garini kila mchana. Kazi ya gari katika safari hii ni kukufikisha pale njia ya miguu inapoanzia, basi. Kwa hiyo panga matembezi kwanza, malazi yafuate, na gari liwe la mwisho.

Hatua ya 1: Chagua majira

Nyumba za kulala wapandaji huko juu, ambazo Waitaliano huziita rifugio, nyingi hufunguliwa katikati ya Juni na kufungwa mwishoni mwa Septemba. Mwezi Juni theluji huwa bado imelala kwenye miteremko inayotazama kaskazini, na Agosti, hasa karibu na tarehe 15 ambayo ni sikukuu kubwa Italia, vyumba hujaa na maegesho hujaa zaidi. Mimi huchagua mwanzo wa Septemba, ambapo njia bado ziko wazi na umati umekwisha kurudi kazini.

Hatua ya 2: Hesabu usiku kabla ya kuomba visa

Visa ya Schengen, ambayo moja hutosha kwa Ujerumani, Austria na Italia, huombwa kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi, hata kama ndege inatua kwingine. Katika mzunguko huu usiku mwingi huangukia Italia, kwa hiyo ombi hupelekwa Italia ijapokuwa mnashukia Ujerumani. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla, na kila mmoja wenu hujaza fomu yake. Bima ya afya lazima ifikie angalau euro 30,000, lakini soma masharti yake mpaka mwisho, kwa kuwa bima inayokubaliwa ubalozini si lazima iwe inalipia kuokolewa mlimani kwa helikopta. Bila kifungu hicho, nunua nyingine.

Hatua ya 3: Kodi gari linalowafaa

Leseni ya Tanzania au ya Kenya iambatane na kibali cha kimataifa cha kuendesha gari, ambacho hutolewa nyumbani kabla ya kuondoka. Mwambie mwenye gari, kwa maandishi, kwamba mtaingia Austria na Italia. Ukiweza, lipia gari la otomatiki: aliyezoea kuendesha kushoto mwa barabara atakuta usukani uko upande wa kushoto wa gari na gia ziko mkono wa kulia, na kona za Dolomiti si mahali pa kufundisha mkono huo kazi mpya. Mwenzi asiyeendesha asome ramani na kutaja kila mzunguko wa barabarani (kipilefti) kabla haujafika, akikumbusha kwamba huku magari huuzunguka kinyume cha mwendo wa saa.

Katika eneo la Dolomiti mji mmoja huwa na jina la Kiitaliano na la Kijerumani, kama Dobbiaco ambao pia ni Toblach. Andikeni yote mawili kabla ya kuanza safari.

Hatua ya 4: Lipa tozo za barabara

Ujerumani haitozi magari madogo. Austria hudai stika ya barabara kuu, ambayo sasa hununuliwa pia mtandaoni kwa namba ya gari, na iliyo maarufu kwa wasafiri ni ya siku 10. Italia hutoa tiketi unapoingia barabara kuu, nawe hulipa unapotoka. Katika miji ya Italia, angalia alama zenye herufi ZTL: hizo ni sehemu za magari yenye ruhusa tu, kamera husoma namba ya gari, na faini huja baadaye kupitia kampuni iliyokukodisha.

Barabara ya Grossglockner haimo katika stika, hulipiwa langoni. Ilifunguliwa mwaka 1935, ina urefu wa kilomita 48 na kona kali 36, na hufungwa majira ya baridi. Pandeni mapema asubuhi kutoka upande wa kaskazini, na mchepuke hadi Kaiser-Franz-Josefs-Höhe, ambapo mtaiona Pasterze, barafu ndefu kuliko zote Austria, ikiwa imejikunja chini kabisa ya bonde ililowahi kulijaza. Hapo mlima Grossglockner wenyewe, wenye mita 3,798, huwa mbele yenu.

Kutoka Hochtor, ambapo barabara huvuka mgongo wa milima kwenye mita 2,504, hadi kijiji cha Heiligenblut ni mteremko wa takribani mita 1,200. Usiushuke kwa breki. Weka gia ya pili, au kwenye otomatiki chagua gia ya chini kwa mkono, uiache injini ilizuie gari, na ukanyage breki kwa nguvu na kwa muda mfupi kabla ya kona tu. Ukisikia harufu kama ya mpira unaoungua, egesha na usubiri magurudumu yapoe.

Hatua ya 5: Laleni angalau usiku mmoja juu mlimani

Wekeni nafasi miezi kadhaa mapema na muombe chumba cha watu wawili, la sivyo mtalala ukumbini pamoja na wageni wengine. Kila mmoja aje na shuka lililoshonwa kama mfuko, kwa kuwa nyumba nyingi hazikubali ulale bila hilo. Buti huachwa mlangoni. Chukueni fedha taslimu. Msiokula nguruwe semeni wakati wa kuweka nafasi, kwa sababu speck, nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi, huingia hata kwenye supu na maandazi ya chumvi ya huku.

Hatua ya 6: Anzeni na Tre Cime di Lavaredo

Aliyepanda Kilimanjaro amezoea kuwa na kiongozi na wapagazi. Huku mnatembea wenyewe, mkifuata namba na rangi nyekundu na nyeupe zilizopakwa kwenye mawe. Vibao huandika saa za mwendo badala ya kilomita, bila kuhesabu mapumziko. Kwa kupanda, kadirieni mita 300 za mwinuko kwa saa, na asiye na kasi ndiye atangulie.

Tre Cime ni vilele vitatu vya mawe katika Dolomiti. Nafasi ya kupanda na gari hadi Rifugio Auronzo, mita 2,320, hununuliwa mapema mtandaoni. Pia kuna basi kutoka Dobbiaco. Shikeni njia namba 101, pana na karibu tambarare, hadi Rifugio Lavaredo, kisha pandeni hadi Forcella Lavaredo, pengo kati ya milima, mita 2,454. Hapo ndipo kuta za kaskazini za vilele vitatu hujitokeza, na kile kirefu kinafika mita 2,999. Mbele kuna Rifugio Locatelli, na juu yake mlima Paterno uliotobolewa mahandaki wakati Italia na Austria zilipopigana hapa katika Vita Kuu ya Kwanza. Rudini kwa njia namba 105, ambayo hushuka bondeni na kupanda tena, na hapo ndipo wengi huchoka. Mzunguko wote ni kilomita 10 hivi, saa nne kwa mwendo wa kawaida.

Hatua ya 7: Jihadharini na radi

Katika mwinuko huu uhaba wa hewa hauwaumizi wengi. Hatari ni radi za alasiri. Anzeni kutembea saa moja asubuhi na muwe mmeshuka kutoka kwenye migongo ya milima ifikapo saa saba mchana. Mawingu yakianza kupanda kama minara, geukeni hata kama kilele kinaonekana. Namba ya dharura ni 112. Pasipo mtandao, piga filimbi au mulika taa mara sita kwa dakika, pumzika dakika moja, kisha rudia. Jibu ni ishara tatu kwa dakika.

Hatua ya 8: Kurudi

Kutoka bonde la Gardena, katika Dolomiti, ingieni barabara kuu ya A22 mkichukua tiketi, mkailipie kwenye mji wa Vipiteno. Baada ya mpaka, A13 ya Brenner ina tozo yake ya peke yake, lakini stika ya Austria bado mnaihitaji kwenye A12 baada ya Innsbruck, kwa hiyo hakikisheni siku zake 10 hazijaisha. Polisi wa Ujerumani hukagua magari yanayotoka Austria. Pasipoti ziwe mkononi, si chini ya mabegi kwenye buti ya gari.