Kabla hujaziba shimo la lami nyumbani: hatua ninazofuata Kisumu na Nakuru

Januari, kiangazi, Mamboleo hapa Kisumu. Mama mwenye nyumba amesimama kwenye kivuli cha geti akinionyesha kiraka cheusi kilichobonyea katikati. "Fundi, shimo hili nimelilipia mara tatu."

Nikashika sururu. Pigo la kwanza lilivunja lami, la pili likazama kama mwiko kwenye ugali usioiva. Chini palikuwa na udongo mweusi uliolowa chepechepe, na mvua ilikuwa haijanyesha kwa wiki kadhaa. Tukafunga mifereji yote ya nyumba, tukaenda kutazama mita ya maji. Kile kigurudumu kidogo kilikuwa bado kinazunguka. Bomba linalopeleka maji kwenye tangi lilipita chini ya lami na lilikuwa linavuja kwenye kiungo. Kiungo kipya hakifiki bei ya paketi ya unga, ilhali viraka vitatu vilikuwa vimekula maelfu ya shilingi.

Hasara nyingi ninazoziona kwenye njia za kuingilia nyumbani ni za namna hiyo. Watu hununua lami wakati ugonjwa uko kwenye maji au kwenye udongo. Lami ni kifuniko tu. Mzigo wa gari hubebwa na msingi ulio chini yake. Hizi ndizo hatua ninazopitia kila kazi, na makosa ninayoyakuta kwenye kila hatua.

Hatua ya 1: Soma nyufa

Ufa mmoja mrefu, mwembamba, ambao pande zake zimelingana, ni wa juu. Unafagiliwa, unapulizwa vumbi, unajazwa lami ya kuzibia nyufa, basi. Fanya hivyo kabla ya mvua za Machi, kwa sababu ufa wa upana wa kucha huingiza maji mengi.

Nyufa zilizokatana vipande vidogo vidogo kama ngozi ya mamba ni habari nyingine kabisa. Hapo msingi umechoka. Ukimwaga lami mpya juu yake, hata iwe nene vipi, nyufa zilezile zitajitokeza juu. Sehemu hiyo huchimbwa, haipakwi.

Mibonyeo miwili inayofuata njia ya magurudumu mara nyingi huniambia kuna gari zito. Uliza nani huingia humo. Lori la maji la lita 10,000 hubeba tani 10 za maji pekee, kabla hujahesabu gari lenyewe. Njia iliyotengenezwa kwa gari dogo haiwezi kustahimili hilo kila wiki, wala lori la mchanga, wala gari la kunyonya maji taka. Mwambie dereva asimame nje ya geti na aje na mpira mrefu. Neno hilo moja litakuokolea pesa nyingi kuliko ukarabati wowote.

Na kama zaidi ya nusu ya njia nzima ni ngozi ya mamba, acha viraka. Ng'oa yote, ujenge upya, na ufikirie kabro, vile vitofali vya zege vya kutandika chini. Nasema hivi ingawa lami ndiyo kazi yangu: kwenye udongo mweusi wa pamba (ule unaovimba ukilowa, nitaurudia hatua ya 2), kabro ina faida kwamba sehemu ikizama unaiinua, unarekebisha chini, unairudisha. Unene wa milimita 60 unatosha magari madogo; kukiwa na malori chukua 80.

Hatua ya 2: Tafuta maji mpaka uyapate

Fanya kipimo cha mita usiku, wakati hakuna anayetumia maji. Andika namba kabla ya kulala, itazame alfajiri. Halafu subiri mvua, toka na mwavuli, ufuate maji kwa macho: yanashuka kutoka paa gani, yanaishia wapi, yanasimama wapi. Gata inayomwaga maji pembeni mwa lami ni adui ninayemkuta karibu kila boma.

Njia ya lami inahitaji mwinuko wa angalau sentimita 2 kwa kila mita ili maji yashuke pembeni. Chukua ubao ulionyooka wa mita moja na pimamaji, kile kifaa chenye kiputo cha kuonyesha usawa, ukiweke juu yake. Weka ubao ukielekea kwenye mtaro, inua ncha ya upande wa chini mpaka kiputo kikae katikati, kisha pima nafasi iliyo chini ya ncha hiyo. Ikiwa haifiki sentimita 2, tengeneza mtaro na mwinuko kwanza.

Udongo nao una tabia zake. Kisumu, kuanzia Nyamasaria kuelekea nyanda za Kano, kuna udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Lami iliyo juu yake huinuliwa na kushushwa kila msimu. Nakuru ni kinyume: udongo wa majivu ya volkano ni mwepesi, maji huubeba polepole na kuacha pango chini ya lami, huku lami ya juu ikionekana nzima. Tembea na kipande cha nondo ukigonga. Mahali penye msingi hutoa sauti fupi, kavu. Mahali penye pango husikika kama mlango wa mbao. Ukisikia hivyo, usiegeshe gari hapo tena hadi pafunguliwe.

Hatua ya 3: Piga hesabu kabla ya kuongea na fundi

Meta moja ya mraba ya lami iliyoshindiliwa kufikia unene wa sentimita 5 ina uzito wa karibu kilo 120. Kariri namba hiyo. Kiraka cha meta 10 za mraba kinahitaji takriban tani 1.2. Fundi akikuambia atakimaliza kwa mifuko 20 ya kilo 25, hizo ni kilo 500. Maana yake utapata unene wa sentimita 2 na kidogo. Kiraka kitapendeza kwa macho miezi michache, kisha kitabanduka kama maganda ya kitunguu.

Yupo pia mtu anayekuja getini akisema amebakiwa na lami kutoka kazi ya barabara na atakuuzia kwa bei ya kutupa. Wakati huo lami hiyo mara nyingi imeshapoa, na hakuna muda wa kuandaa msingi. Mrudishe kwa heshima. Kwa kazi kubwa ya lami ya moto, omba risiti ya mzani ya lori, na usilipe pesa zote kabla ya kazi.

Hatua ya 4: Chagua lami na saa ya kazi

Kwa shimo moja au mawili, lami baridi ya mifuko inafaa. Kwa eneo kubwa, lami ya moto kutoka kiwandani ni bora, mradi ifike ikiwa moto. Hutoka kiwandani ikiwa na joto la nyuzi 150 hivi, na ikishuka chini ya 80 au 90 haishindiliki tena, hata uite rola ya serikali.

Hili nililijifunza kwa uchungu. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi, lori lilikwama njiani karibu na Nakuru na likafika jioni. Mzigo ulikuwa umeganda juu, tukaupasua kwa koleo, tukausambaza kwa sababu ulikuwa umeshalipiwa. Baada ya miezi miwili kokoto zilikuwa zinachomoka kwa kidole cha mguu. Tulirudia kazi yote kwa gharama yetu. Tangu siku hiyo natembea na kipimajoto, na mzigo uliopoa naurudisha.

Kisumu mvua ya ziwani hupenda kuja alasiri. Anza saa moja asubuhi, na uhakikishe kiraka kimefungwa kabla ya saa nane mchana.

Usichemshe lami nyumbani kwenye pipa na tairi zilizochanika. Lami ikipata moto kupita kiasi hukakamaa na kupasuka, na tone la maji likiingia humo hufura na kurukia watu. Aliyeungua apozwe kwa maji baridi mengi na apelekwe hospitali lami ikiwa bado imeshika ngozi. Kuibandua ni kumbandua na ngozi.

Hatua ya 5: Kata, kisha chimba

Chora mstatili kwa chaki, ukivuka mwisho wa ubovu kwa sentimita 15 hadi 30, mpaka uingie kwenye lami nzima. Kata kwa grenda yenye diski ya kukatia zege. Kuta za shimo ziwe wima. Kiraka cha duara chenye kingo za mteremko huwa chembamba pembeni, na huko ndiko kinakoanza kuvunjika.

Chimba hadi ufikie udongo mkavu, mgumu. Ukikuta ule mweusi wa pamba, mimi huondoa angalau sentimita 30 chini ya msingi. Ni kazi ya jasho, na ndipo wengi huniomba nipunguze. Sipunguzi. Mizizi nayo ikatwe, hasa ya mikaratusi na mifikasi iliyopandwa kando ya ua, ila kama mti ni mkubwa usikate mzizi mkuu bila kuuliza mtu wa miti. Mti unaweza kuangukia nyumba.

Kipande kati ya geti na barabara huwa kwenye hifadhi ya barabara, yaani ardhi iliyotengewa barabara. Kabla hujakigusa, uliza kaunti au mamlaka inayosimamia barabara hiyo.

Hatua ya 6: Rudisha msingi

Jaza muramu kwa tabaka zisizozidi sentimita 15, ukishindilia kila tabaka kwa mashine. Unyevu ni siri ya hatua hii. Chukua muramu mkononi, ufinye. Ukifungua kiganja na bonge limeshikana, ukaligawa kwa kidole likavunjika vipande viwili visafi, uko sawa. Likimomonyoka ongeza maji. Likiacha matope kwenye vidole, anika. Tabaka la juu liwe la kokoto zilizochanganyika na vumbi la mawe, lililoshindiliwa mpaka kisigino cha buti kisiache alama. Acha nafasi ya sentimita 5 juu kwa ajili ya lami.

Usijaze shimo kwa saruji. Najua ni rahisi, na mchanga umebaki pale nyuma ya nyumba. Saruji haipindi, lami hupinda. Zikikutana, mstari wa katikati hufunguka na maji huingia palepale.

Hatua ya 7: Gundi

Fagia hadi vumbi liishe, kisha paka kuta na sakafu kwa imalsheni, ile lami ya maji iliyoandikwa K1-60. Kwa eneo kubwa la msingi mpya, hutangulia MC-30, lami nyepesi ya kupenya kwenye msingi, ambayo huachwa siku moja au mbili inyonywe.

Imalsheni ni nyembamba kama rangi ya ukuta. Karibu nusu lita inatosha meta moja ya mraba. Ikiwa nyingi, kiraka huteleza juu yake. Inapopakwa huwa ya kahawia, kama chai iliyokolea. Ngoja igeuke nyeusi na inate kidoleni, ndipo uweke lami. Vijana wengi hawangoji, na kiraka chao hulala juu ya maji.

Hatua ya 8: Mwaga na ushindilie

Lami iliyolegea hupungua karibu robo ikishindiliwa, kwa hiyo kwa sentimita 5 mwaga 6 na ushee. Isambaze kwa reki bila kuirusha, kwani ukirusha kokoto kubwa hukimbilia pembeni. Shindilia kuanzia kingo kuelekea katikati. Magurudumu ya pikapu hayatoshi; kodisha kompakta, mashine ya kushindilia, kwa siku moja. Mwisho kiraka kibaki juu ya lami ya zamani kwa milimita 3 hadi 5, magari yatakishusha.

Lami ikinata kwenye koleo au kompakta, wafanyakazi hupaka dizeli. Wazuie. Dizeli huyeyusha lami, na kila tone linaloangukia kiraka ni doa laini litakalochimbika. Kwenye kompakta tumia maji, kwenye koleo tumia maji yenye sabuni. Ndiyo maana pia gari linalovuja oili halifai kulala juu ya lami.

Hatua ya 9: Baada ya kazi

Lami ya moto iachwe ipoe hadi kesho yake. Lami baridi unaweza kuipitia siku ileile, ila usikate usukani gari likiwa limesimama juu yake, kwa wiki kadhaa za mwanzo. Rangi nyeusi ya kupaka juu ya njia nzima isubiri miezi kadhaa, na usiiruhusu iitwe ukarabati; inakinga jua na maji, haibebi mzigo.

Mvua ya kwanza kubwa ikinyesha, toka tena na mwavuli. Mvua ikikatika, zungushia chaki kila mahali palipobaki dimbwi baada ya saa moja, upige picha, umtumie fundi wako kabla hujamlipa salio.