Nairobi na Watoto kwa Bajeti ya Kawaida: Mpango wa Kutoka Mombasa

Pesa za familia Nairobi haziliwi na viingilio sana. Zinaliwa na kuzunguka. Asubuhi mko Lang'ata, adhuhuri Museum Hill, jioni mnarudi Lang'ata tena kwa kuwa kuna mtoto hakuona simba. Hiyo ni nauli ya watu wanne mara tatu, na saa nzima kwenye foleni ya magari. Kanuni yangu ni siku moja, upande mmoja wa mji. Mengine yote yanafuata hapo.

Hatua ya 1: Tiketi kwanza, tarehe baadaye

Likizo za Aprili, Agosti na Desemba SGR, treni ya Mombasa hadi Nairobi, hujaa haraka. Kabla hujawaahidi watoto siku, angalia nafasi kwa *639# au mtandaoni, na ukate ya kwenda na ya kurudi kwa mpigo. Tangu Januari 2024 daraja la kawaida ni shilingi 1,500 kwa mtu mzima. Mtoto wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu. Baba, mama na watoto wa miaka 6 na 9 ni 4,500 kwenda, yaani 9,000 kwenda na kurudi. Iandike juu kabisa ya karatasi ya bajeti, maana hiyo haipungui.

Chukua treni ya asubuhi, ile inayosimama Voi, Mtito Andei na vituo vingine njiani. Inachukua muda zaidi, lakini mnapita Tsavo mchana kweupe na watoto wanatafuta ndovu dirishani bila kulipia zaidi. Ya usiku inawashusha Syokimau, stesheni ya SGR ya Nairobi iliyo nje ya katikati ya mji, kabla hakujapambazuka, na watoto wakiwa na usingizi utakodi teksi tu. Mchana kuna treni ndogo inayowatoa Syokimau hadi stesheni kuu ya mjini.

Hatua ya 2: Mahali pa kulala

Kama mna jamaa, wapigie mapema na uwaambie mnakaa siku ngapi. Beba halua, achari ya embe na mabuyu, kisha siku ya kwanza nunua unga, mafuta na mboga za nyumba hiyo. Bado ni nafuu kuliko hoteli, na mwenyeji halemewi. Msio na jamaa, tafuteni chumba cha familia chenye jiko, karibu na barabara ya matatu.

Hatua ya 3: Gawanya mji

*Katikati ya mji.* Siku hii hampandi gari. Anzeni Makumbusho ya Reli, karibu na stesheni. Pale kuna behewa alimouawa Charles Ryall, afisa wa polisi aliyekwenda kumvizia simba mla watu pale Kima mwaka 1900, akapitiwa na usingizi, na simba akamtoa dirishani. Wapeleke watoto hadi kwenye behewa lenyewe ndipo uwasimulie. Watauliza maswali hadi usiku. Kisha KICC, lile jumba refu la mikutano, juu ya ghorofa zake 28, mwone mji wote. Malizieni Bustani ya Jeevanjee, pa kupumzika na kula mlichobeba.

*Museum Hill.* Nunueni tiketi inayounganisha Makumbusho ya Taifa na Snake Park, bustani ya nyoka iliyo hapo hapo. Msikimbie. Tafuteni mifupa ya kijana wa Turkana, aliyeishi yapata miaka milioni 1.5 iliyopita, ni Mkenya mwenzetu Kamoya Kimeu aliyeigundua mwaka 1984, na watoto wetu wanastahili kulijua jina lake. Nje yuko sanamu ya Ahmed, ndovu wa Marsabit aliyelindwa kwa amri ya Mzee Jomo Kenyatta hadi akafa mwaka 1974. Mtoto asimame chini ya zile pembe, umpige picha.

*Lang'ata.* Pandeni matatu ya Rongai, 125 au 126, mwambieni makanga awashushe KWS, makao ya Shirika la Wanyamapori, kwenye lango la Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Hifadhi yenyewe ina kilomita za mraba 117 na inataka gari. Van ya kukodi inaweza kumeza bajeti ya siku zilizobaki. Kwa watoto wadogo ningeiacha kabisa. Langoni hapo hapo kuna Animal Orphanage, kituo cha wanyama yatima, na Safari Walk, mnatembea kwa miguu na wanyama mnawaona kwa karibu. Malipo ni kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, si pesa taslimu, basi hakikisha simu ina chaji na M-Pesa ina salio. Beba kitambulisho na vyeti vya kuzaliwa vya watoto ili mlipe bei ya raia.

Siku za matatu, tokeni baada ya saa tatu asubuhi na mrudi kabla ya saa kumi. Jioni nauli hupanda, na mvua ikinyesha hupanda zaidi. Ulizeni bei kabla hamjakaa, na mkubaliane kuhusu mtoto wa kupakatwa.

Hatua ya 4: Chakula na sweta

Chai nzito nyumbani, mayai ya kuchemsha na maji kwenye mkoba, mchana chapati madondo kibandani. Sweta zitoke Mombasa: Julai na Agosti Nairobi ina baridi kweli, na kununulia familia nzima mjini ni gharama ambayo haikuwa kwenye karatasi.

Hatua ya 5: Kurudi

Jioni ya kuamkia safari, ulizia stesheni saa ya treni ndogo inayowahi SGR yenu. Fikeni Syokimau saa nzima kabla, kwa sababu ukaguzi wa mizigo una foleni na treni haisubiri mtu. Akiba ya dharura ikae kwenye simu ya mzazi asiyelipa lipa, isiguswe hadi mshuke Miritini, stesheni ya Mombasa.