Jinsi ya Kujenga Mkusanyo wa Stempu za Miji ya Kale

Wengi hukusanya stempu kwa kufuata nchi. Anayeanza mimi humshauri afuate mji mmoja tu wa kale, kwa sababu mji wenye historia huvuka mipaka na huwezi kujua utaukuta kwenye stempu ya nani.

Hatua ya 1: Chagua mji

Tafuta mji ulioenziwa na nchi nyingi. Venice unafaa sana. Baada ya mafuriko ya Novemba 1966, UNESCO iliongoza kampeni ya kuunusuru, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 nchi kadhaa zikatoa stempu za kuiunga mkono, Senegal na Mali zikiwemo. Ndiyo maana albamu ya mji wa Italia hujaa stempu za Afrika Magharibi. Kama bado huna chaguo, pitia orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia. Maeneo 12 ya kwanza yaliingizwa mwaka 1978, na Quito na Kraków zilikuwamo.

Hatua ya 2: Orodhesha majina

Stempu huongea lugha ya kwao. Uswisi hujiita Helvetia, Hungaria ni Magyar Posta au Magyarország, Ufini ni Suomi. Uingereza haijiandiki jina kabisa. Kichwa cha mfalme au malkia kinatosha, desturi iliyoanza na stempu ya kwanza duniani mwaka 1840. Miji nayo ni hivyohivyo: Timbuktu utaupata kama Tombouctou, Venice kama Venezia. Ukitafuta kwa jina moja tu, zitakupita nyingi.

Hatua ya 3: Kagua bahasha kabla ya kugusa maji

Hapa ndipo wageni wa kazi hii huharibu. Kabla hujailoweka stempu ili ibanduke, soma muhuri wa posta kwanza. Ikiwa stempu ya mji imegongwa muhuri wa mji huohuo, tena tarehe inasomeka, usiibandue. Hifadhi bahasha nzima. Stempu peke yake ni picha, bali bahasha hiyo ni ushahidi kwamba barua ilipita pale.

Hatua ya 4: Bandua zilizobaki

Kata karatasi kuizunguka stempu, ukiacha kama sentimita moja kila upande, usije ukakata meno yake. Iweke kwenye maji ya uvuguvugu, uso ukitazama juu, kwa dakika 15 hadi 30. Ikiiva itateleza yenyewe. Isipoteleza, ngoja tena, usivute. Suuza gundi iliyobaki nyuma, ichukue kwa kibano, ilaze juu ya karatasi nyeupe inayonyonya maji, na ikikaribia kukauka ibane ndani ya kitabu kizito usiku kucha.

Bahasha za rangi, hasa nyekundu, ziloweke peke yake na kwa maji baridi. Niliwahi kuchanganya moja na stempu ishirini hivi, zote zikatoka na haya usoni. Stempu za kisasa za kujibandika nyingi hazitoki kwa maji. Hizo punguza karatasi tu uziache nayo.

Hatua ya 5: Tambua toleo

Chukua lenzi usome maandishi madogo ya chini: mara nyingi utakuta mwaka, jina la msanii na la mchapaji. Stempu mbili zikifanana, hesabu vitundu vya pembeni ndani ya sentimita 2. Tofauti huweza kuonyesha uchapaji mwingine. Kwa stempu za tangu 2002, angalia pia WNS, mfumo wa kuzipa stempu rasmi namba za utambulisho, unaosimamiwa na Umoja wa Posta Duniani. Si kila nchi imejiunga nao, lakini stempu ya kupendeza mno isiyo na rekodi popote inatakiwa kukutia shaka kabla hujatoa pesa.

Hatua ya 6: Panga kama unatembea mjini

Mimi sipangi kwa mwaka wa kutolewa. Naanza na lango au bandari, nafuata soko, nyumba za ibada, kisha majumba ya watawala. Tumia vifuko vya plastiki isiyo na PVC, maana PVC, aina mojawapo ya plastiki, huharibu stempu taratibu. Chini ya kila stempu andika kwa penseli jengo, nchi iliyoitoa na mwaka. Wino usiuguse: maelezo utayarekebisha mara nyingi, hasa ukigundua kwamba mnara uliouita wa kanisa ni wa ukumbi wa manispaa.