Kujitegemea kisheria kabla ya miaka 18 Marekani: jinsi ya kuomba ukiwa Texas

Natafsiri mahakamani, na vijana wengi ninaokaa nao ni Wakongo waliofika Texas na shangazi au kaka, wazazi wakabaki nyuma. Wanauliza kama wanaweza kuhesabiwa watu wazima mapema. Inawezekana, kwa amri ya jaji. Mimi si wakili, naeleza ninachokiona.

1. Hakikisha unaihitaji amri hiyo. Texas, kijana wa miaka 16 anayeishi mbali na wazazi na kusimamia pesa zake anaweza kuridhia matibabu yake mwenyewe bila amri ya jaji. Shule nayo, sheria ya shirikisho ya McKinney-Vento inamwandikisha kijana asiye na makazi hata bila mzazi. Amri ina kazi hasa kwenye mikataba: nyumba ya kupanga, gari. Kura na pombe usahau, hazipatikani kwa njia hii.

2. Soma sheria ya jimbo lako, si ya jirani. California wanaanza miaka 14, mradi unaishi mbali na wazazi kwa ridhaa yao au bila wao kupinga, na kipato chako ni halali. Washington ni 16. Florida pia 16, ila ombi linapelekwa na mzazi au mlezi. New York haina utaratibu wa kuomba amri hii, na mzazi anadaiwa matunzo hadi ufike 21. Nebraska utu uzima wenyewe huanza 19, Mississippi 21. Kwa hiyo video ya kijana wa Los Angeles haikufai Houston. Texas wanataka 17, au 16 ikiwa umeshahama kwa wazazi, na lazima ujitegemee kipesa. Waliozaliwa "1 Januari" kwa karatasi za ukimbizi, wekeni hiyohiyo kila mahali. Mahakama inahesabu kwa karatasi.

3. Kusanya ushahidi wa pesa. Karatasi za mshahara, taarifa za benki, risiti za kodi ya nyumba. Chapisha. Picha za skrini ya simu mimi sizipendi: hazina jina kamili, na jaji hatakupekulia simu.

4. Saini ya mzazi. Hapa ndipo mafaili yanapolala. Texas inataka mzazi athibitishe ombi kwa kiapo. Kama mahakama ilishateua mlezi, anasaini yeye. Shangazi aliyekulea bila amri ya mahakama hatoshi, hata kama ndiye aliyekununulia kila daftari.

Mama yupo kambini Nyarugusu? Usiandike "hajulikani alipo" wakati mnaongea WhatsApp kila Jumapili. Hicho ni kiapo, na ujumbe husomwa. Texas inakubali tamko lisilo na muhuri wa mthibitishaji, mradi mtu aandike jina, tarehe ya kuzaliwa, anwani na nchi, kisha aseme anatamka chini ya adhabu ya uongo wa kiapo. Mama aelezwe kwa Kiswahili kabla ya kusaini, karatasi ipigwe picha safi, na ile halisi itumwe kwa mtu anayesafiri. Muulize karani mapema kama ataipokea.

Akiwa kweli hapatikani, sheria inamruhusu wakili aliyeteuliwa na mahakama athibitishe badala yake. Lakini atakuuliza ulimtafuta vipi: namba ulizopiga, ndugu uliowauliza, barua kwa shirika lililowapokea. Andika yote na tarehe zake. "Hayupo" peke yake haimtoshi mtu yeyote.

5. Peleka ombi mahakama ya kaunti unayoishi, ukitaja majina na makazi ya wazazi, sababu, na unachokiombea. Huna ada? Jaza tamko la kushindwa kulipa. Mkalimani muombe siku hiyohiyo.

6. Soma amri kabla ya kutoka. Inaweza kuwa ya mambo yote au machache tu. Chukua nakala kadhaa zilizothibitishwa: mwenye nyumba atataka yake, na ofisi ya misaada ya chuo pia, maana FAFSA, fomu ya shirikisho ya kuomba msaada wa kulipia chuo, inamhesabu mwenye amri hii kuwa hategemei wazazi. Uliyekuja na amri ya jimbo lingine, sajili nakala yake kwenye kumbukumbu za hati za ardhi za kaunti yoyote Texas, huna haja ya kuanza upya.